Saint-Georges: Mwana wa Mtumwa Aliyeongoza Okestra ya Paris

Ateremkaye kutoka Kipkelion kwenda Muhoroni kupitia Fort Ternan na Koru huiacha nyuma milima ya chai na kahawa, akaingia katika nchi ya miwa. Miwa ndiyo iliyotajirisha pia Guadeloupe, koloni la Ufaransa katika Bahari ya Karibi, ila huko ilikatwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Katika kisiwa hicho alizaliwa Joseph Bologne mwaka 1745. Babaye alikuwa Mfaransa mwenye mashamba; mamaye, Nanon, alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya koloni mtoto alifuata hali ya mama.

Angali mdogo, babaye alimpeleka Ufaransa kusoma. Alisifika kwanza kwa upanga, kisha kwa fidla. Mwaka 1769 alijiunga na okestra ya Concert des Amateurs mjini Paris, chini ya François-Joseph Gossec. Mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 27, alikabidhiwa uongozi wake. Enzi hizo kiongozi aliwaongoza wenzake akiwa na fidla begani. Chini yake okestra hiyo ikahesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa mjini humo, naye akatunga simfonia, tamthilia za nyimbo na vipande vingi vya fidla.

Hata hivyo, mji uliomshangilia haukumkubali kikamilifu. Mwaka 1776 jina lake lilipopendekezwa kuongoza Opera ya Paris, waimbaji mashuhuri wa kike walimwandikia Malkia wakikataa kuamrishwa na mtu mwenye damu ya Kiafrika. Cheo hicho hakukipata. Hakuvunjika moyo. Joseph Haydn alipotunga simfonia sita kwa ajili ya okestra ya Loge Olympique mnamo 1785 na 1786, Saint-Georges ndiye aliyeiongoza okestra hiyo kuziwasilisha kwa umma.

Mapinduzi yalipozuka aliongoza kikosi cha watu huru weusi na machotara, lakini hilo nalo halikumwepusha na kifungo. Alifariki mwezi Juni 1799. Miaka mitatu baadaye Ufaransa iliurejesha utumwa iliokuwa imeufuta mwaka 1794, na kazi zake zikasahauliwa kwa muda mrefu.

Zilipofufuliwa katika karne ya ishirini, alipachikwa jina la Mozart Mweusi, ilhali alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa miaka kumi. Lakabu ya namna hii si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi, kwani Shaaban Robert naye aghalabu huitwa Shakespeare wa Afrika. Nia yake ni kusifu, lakini humpima mtu kwa pishi ya mwingine. Haki ya msanii ni kusikilizwa kwa kazi yake mwenyewe, na kutajwa kwa jina lake.