Jack Kennedy: Kijana wa C aliyebebwa na jina la babake

Wengi wetu tunamjua John F. Kennedy kama rais wa Marekani aliyepigwa risasi. Kabla ya hapo alikuwa Jack tu, kijana mtundu ambaye mzee wake alijulikana kila mahali.

Alizaliwa 1917 huko Brookline, Massachusetts. Babake, Joseph Kennedy, alimaliza Harvard 1912, akawa tajiri wa kutupwa. Jack akapelekwa Choate, shule ya bweni ya watoto wa mabwanyenye. Huko aliugua mara kwa mara, vitabu akavisukuma tu. Alipomaliza 1935 alikuwa nambari 64 kati ya wanafunzi 112.

Na bado akaomba Harvard. Kwenye fomu aliulizwa mbona anataka kusoma hapo. Akajibu kwa sentensi chache tu, na sababu moja ilikuwa kwamba anataka kusoma alikosoma babake. Princeton nayo akaipelekea maelezo karibu yaleyale. Mzee naye akaandikia Harvard barua, akasema kijana ana akili ila hajitumi kwa kitu asichokipenda. Hebu wewe jaribu hiyo! Jack akakubaliwa.

Alianza Princeton, ugonjwa ukamtoa, akaingia Harvard 1936. Mwanzoni alama zilikuwa C nyingi. Kisha akaamka. Babake alikuwa balozi London, kwa hivyo Jack akazunguka Ulaya vita vikikaribia, akaandika tasnifu kuhusu Uingereza kuchelewa kujiandaa. Akamaliza 1940 na heshima, na tasnifu ikawa kitabu kilichouzwa sana.

Lakini kuna mahali jina la baba halifiki. 1943 meli ya kivita ya Japani ilikata boti yake vipande viwili. Jack aliuma mkanda wa jaketi ya mwenzake aliyeungua, akamvuta akiogelea kwa saa kadhaa hadi kisiwani.

Sasa sisi tunaingia hapa. 1960 Tom Mboya alikuwa na vijana waliopata nafasi vyuo vya Marekani, lakini nauli ya ndege hawana. Akaenda kumwona Kennedy, wakati huo seneta anayewania urais. Wakfu wa familia, ulioanzishwa na yule mzee kwa jina la mwanawe Joe aliyekufa vitani, ukatoa dola 100,000. Ndio, siasa ilikuwemo, kura zilitafutwa. Lakini ndege ziliruka, na mwaka huo Wangari Maathai alikuwa kati ya walioenda.

Jack aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, akiwa na miaka 46. Wiki tatu baadaye Kenya ikapata uhuru, ikihitaji watu waliosoma.

Kuzaliwa na mzee mwenye jina si kosa, na wengi wetu hatuna. Cha kumuuliza aliyebebwa ni kimoja: ukishaingia, umemshikia nani mlango?