Harry Nyquist, aliyetuwekea mpaka wa sauti

Kila siku ya Mungu sauti za waimbaji wetu, ziwe za taarab au za kasida, hupimwa kwa kanuni yenye jina la mtu mmoja wa Uswidi, na aghalabu wanaozirekodi hawamjui. Mtu huyo ni marehemu Harry Nyquist.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1889 katika kijiji cha Nilsby. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 18, alivuka bahari kwenda Marekani. Huko alisomea umeme katika Chuo Kikuu cha North Dakota, na kufikia 1917 alikuwa amepata udaktari wa fizikia Yale. Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya simu ya AT&T, akabaki kwa mabwana hao hao, baadaye katika maabara yao ya Bell, hata alipostaafu mwaka 1954.

Husimuliwa kwamba wanasheria wa Bell walichunguza kwa nini baadhi ya wahandisi walivumbua mengi kuliko wenzao. Waliona jambo moja tu lililowaunganisha: walizoea kula chakula cha asubuhi au cha mchana pamoja na Nyquist. Kazi yake mezani ilikuwa kuuliza maswali.

Makala yake ya 1928 yalihusu telegrafu. Ajabu ni kwamba ndani yake hamna habari ya muziki. Aliuliza: njia yenye upana fulani wa mitetemo yaweza kupitisha mapigo mangapi kwa sekunde bila ya kuchanganyika? Akapata kuwa ni mara mbili ya upana huo. Mwaka 1949 Claude Shannon, wa maabara hiyo hiyo, aliligeuza jambo hilo akathibitisha upande wake wa pili: sauti ukiipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, vipimo hivyo vyatosha kuirudisha nzima. Jina la Nyquist likakaa hapo.

Sikio changa na zima husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu CD, zilizoingia madukani Japani mwaka 1982, hubeba vipimo, yaani sampuli, 44,100 kila sekunde. Na kwa nini si 40,000 tu? Kwa sababu chujio halikati kama kisu. Lahitaji nafasi ya kuteremkia. Hesabu yenyewe ya 44,100 ilitokana na kanda za video zilizotumiwa kuhifadhia sauti hizo. Simu, isiyotaka zaidi ya maneno kusikika, ilitosheka na 8,000 tangu 1962.

Asiyechuja hupata hasara. Mtetemo wa 30,000, usiosikika na mtu, ukipimwa kwa 44,100 hujikunja ukatokea kama sauti ya 14,100, na hiyo yasikika. Ikishaingia haitoki, kwani haina alama ya kuitenganisha na sauti ya haki ya fidla. Enyi mnaohamisha kanda za wazee kuzitia katika kompyuta, hapo pana jambo la kuangalia: kanda huoza, na huenda nafasi ikawa ni moja tu.

Dawa yake ni kuzidisha sampuli. Philips, katika mashine zao za kwanza za CD, walizizidisha mara nne hadi 176,400, si kuongeza muziki, bali chujio lipate mteremko wa taratibu. Studio za leo hufanya vivyo hivyo: programu inayokwaruza au kubana sauti huzaa mitetemo mipya ya juu, basi kwanza hupandisha sampuli, hufanya kazi, huchuja, kisha huzishusha.

Lakini wako vijana wanaorekodi kila kitu kwa 192,000 wakidhani utamu nao utazidi mara nne. Kwa rai yetu, huko ni kujaza diski bure. Ile 48,000, ambayo ni kawaida ya filamu na video, yawatosha. Na udi uliowekwa vibaya mbele ya maikrofoni hautengenezwi na hesabu.

Nyquist mwenyewe hakuzisikia CD. Alifariki Harlingen, Texas, tarehe 4 Aprili 1976, akiwa na umri wa miaka 87.