Maisha ya Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, Aliyeitwa Rumaliza

 Khabari tutakayoisimulia ni ya mtu wa pwani aliyetoka kwenye maji ya chumvi akaenda kutawala kwenye maji matamu. Jina la Tippu Tip lajulikana na kila mtu; lakini mshirika wake huyu, ambaye mapwa ya Ziwa Tanganyika yalikuwa mkononi mwake kwa miaka kumi hivi, wengi wamsikia kwa jina la utani tu.

Yeye ni Muhammad bin Khalfan bin Khamis, katika kabila la Al-Barwani, nao ni Maharthi. Alizaliwa Lindi karibu na mwaka wa 1855. Rumaliza maana yake ni mwenye kumaliza, na jina hilo hakupewa bure. Alikwenda bara angali kijana, akashikamana na Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, na karibu na mwaka wa 1883 wakawekeana sharika, wao na wenzao, katika mali ya pembe. Tippu Tip alishika Manyema na nchi za mto wa Kongo, na Rumaliza akaketi Ujiji. Wakati huo mkubwa wa Ujiji alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, mwenye bendera ya Sayyid Barghash. Mwinyi Kheri alipofariki mwaka wa 1885, hapakubaki pale mtu wa kushindana na Rumaliza.

Yafaa kulifahamu ziwa lenyewe, maana bila ya hilo khabari ya mtu huyu haifahamiki. Urefu wake ni maili 400 na zaidi, na upana wake kwa kawaida ni maili 30 hivi. Kusi ikivuma humo, mawimbi yake si mchezo, na baharia wa Lamu au Kilwa angeyaheshimu. Milima imesimama karibu na maji pande zote mbili, hata pahali pengi hapana njia ya miguu ya kufuata ufuo. Mwenye chombo huenda kwa siku moja mahali ambapo mwenye miguu huenda kwa siku nyingi. Mitumbwi ilichongwa kwa magogo makubwa katika milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ikavushwa kuuzwa Ujiji. Watu wa pwani wakaiongeza mbao ubavuni, wakaisimamishia mlingoti na tanga. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka wa 1858, Speke alivuka ng'ambo kutafuta jahazi la Mwarabu alikodi, asilipate, kwa kuwa jahazi lilikuwa jambo la nadra. Kwa zama za Rumaliza vyombo vya tanga vilikuwa vimezoeleka.

Basi nguvu yake ilikuwa kivuko. Pembe na mateka kutoka Manyema vilifika pwa ya magharibi, navyo kwa njia iliyo fupi havina budi kuvuka. Aliweka watu wake Uvira, na Masanze, na katika pembe ya kaskazini kunakoingia mto Rusizi, na kila kituo kilikuwa mwendo wa tanga kutoka kingine. Palipozuka fitina, askari wenye magobori walipakiwa usiku wakashushwa alfajiri kabla khabari haijatangulia. Lakini nguvu hiyo ilikoma yalipokoma maji. Alipotaka kupanda milimani kuiingia Urundi, watu wa mfalme Mwezi Gisabo walimrudisha.

Wala sitaficha lililo baya. Katika madhehebu yetu asili ya mwanadamu ni uhuru, na mtu huru hauzwi, na thamani yake ni haramu kuila. Na mateka hapatikani ila katika jihadi iliyotimiza masharti yake. Kukivizia kijiji alfajiri, kukitia moto na kuwafunga kamba wanawake na watoto, huo ni unyang'anyi, hata akiufanya mwenye kilemba. Na adhabu yake haikungoja akhera. Watu wa mapwa waliuhama ufuo na mashamba yao, na wengi wakakimbilia kwa mapadri wa Kifaransa waliokaa Kibanga na Mpala. Chombo kinataka bandari, na bandari inataka watu wenye kukuuzia chakula. Yeye aliwapeleka watu hao kwa adui zake kwa mkono wake mwenyewe.

Na adui walikuwa wakizidi. Wamisheni wa London walishusha majini meli ya moshi ya kwanza ya ziwa hilo, Good News, mwaka wa 1885. Mwaka huo huo Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold ilitangaza mpaka wake kupita katikati ya ziwa. Na kwa mapatano ya mwaka wa 1890 baina ya Waingereza na Wadachi, Ujiji ikahesabiwa ya Wadachi. Rumaliza hakuulizwa. Mwaka wa 1887 akaja Mpala Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, akawafundisha vita watu waliokimbilia kwa mapadri. Kisha bandari za Mrima zikashikwa na Wadachi, na mkutano wa Brussels ukafunga biashara ya bunduki na baruti, na vyombo bila ya baruti ni magogo tu.

Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alijenga ngome karibu na Mtowa, akaiita Albertville. Mwenye kutazama ramani ataona kwamba hapo ndipo mlango wa kivuko cha Ujiji upande wa magharibi. Rumaliza alilifahamu hilo mara moja. Mwaka wa 1892 watu wake waliijengea boma lao karibu, wakaibana kwa miezi mingi, wala isianguke. Nionavyo mimi, siku aliposhindwa kuing'oa ngome ile ndiyo siku ziwa lilipomtoka. Waliokuja baada yake walilijua jambo hilo hilo: katika vita vya 1915 na 1916 Waingereza walikokota mashua mbili za mota barani mpaka ziwani, wakaiteka Kingani ya Wadachi na kuizamisha Hedwig von Wissmann, na ile kubwa, Götzen, Wadachi waliizamisha wenyewe, nayo ikaopolewa mwaka wa 1924 na kuitwa Liemba.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka wa 1893 Sefu, mwana wa Tippu Tip, alipigwa na Wabelgiji huko Manyema, akafa. Rumaliza aliliacha ziwa nyuma yake akaenda na jeshi kubwa kupigana na Dhanis. Kwa miezi michache aliwatisha, na afisa Ponthier akauawa mwezi wa Oktoba. Lakini Januari 1894 mzinga wa Wabelgiji uliwasha moto ndani ya boma lake, na Kabambare ikaanguka. Alivuka ziwa kurudi mashariki akiwa mkimbizi, akaenda Uhehe kwa Mkwawa, kisha akapata njia ya kufika Unguja. Wadachi wakajenga kituo chao Ujiji mwaka wa 1896.

Huko Unguja hakukaa kimya. Alimdai Tippu Tip sehemu yake katika ile sharika, na madai yakafika mahakama ya Wadachi Dar es Salaam, Tippu Tip akashindwa. Watu wawili Waislamu, waliokula pamoja miaka mingi, walihukumiwa na wale wale waliochukua nchi yao, wakigombania mali ambayo nyingi yake ilitoka katika machozi ya watu. Tippu Tip alifariki mwaka wa 1905. Na mwaka wa 1908, ilipotapakaa mrima wa kusini ile iitwayo Barua ya Makka, yenye kuwaonya watu kwamba Kiama ki karibu, Wadachi walimshuku Rumaliza kuwa ana mkono ndani yake. Wakawa wakiitafuta karatasi hiyo, hata Lindi, mji aliozaliwa.