Carl Hagenbeck, Mfundishaji wa Simba na Tembo

Wewe unamjua simba kuwa ni adui wa ng'ombe. Tembo unamjua kwa mashamba anayoyaharibu. Huko Ulaya watu walilipa fedha kuwatazama wanyama hao wakicheza katika sarakasi. Mmoja wa watu waliobadili namna ya kuwafundisha alikuwa Mjerumani, Carl Hagenbeck.

Alizaliwa mwaka 1844 katika mji wa bandari wa Hamburg. Baba yake aliuza samaki. Mwaka 1848 wavuvi walinasa sili katika nyavu zao, wakampelekea. Sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya. Baba akawatia katika mapipa ya mbao, akawatoza watu ada ndogo ili wawaone. Watu wakaja wengi. Hivyo ndivyo biashara ya wanyama ilivyoanza, na Carl akaikuza sana.

Wanyama wengi walitoka Sudani. Mwaka 1870 Hagenbeck alikwenda mwenyewe hadi Suez, Misri, kupokea msafara wa tembo, twiga na wengine. Walikuwamo pia mbuzi wa kukamuliwa, kwa ajili ya watoto wa wanyama. Unajua watoto hao walipatikanaje? Mara nyingi wawindaji walimwua mama kwanza.

Zamani wafundishaji walitumia mijeledi na vyuma vya moto. Simba alitii kwa hofu tu. Lakini simba mwenye hofu ni wa hatari, siku yoyote aweza kukurukia. Hagenbeck aliona kwamba wanyama hawana tabia moja, kama watu. Kwa hiyo aliwachagua kwanza. Wakali mno na wazito wa kujifunza waliachwa. Kila mnyama alipewa kigoda chake. Akipanda na kukaa, alipata kipande cha nyama. Akikosea, alirudia tena na tena bila kupigwa ovyo. Kazi hiyo ilichukua miezi mingi. Tembo naye alitunzwa kwa mkate na karoti, ingawa kamba zilitumika kumwinua mguu mpaka azoee.

Mwaka 1893 wanyama wake walionyeshwa Chicago, Marekani. Simba na chui milia walikaa uwanja mmoja bila kuraruana!

Lakini mtu huyu mpole kwa wanyama alionyesha watu pia, kama bidhaa. Mwaka 1880 Waeskimo wanane waliletwa kutoka Labrador, Kanada. Hawakuchanjwa ndui mapema. Ilipokwisha Januari 1881, wote wanane walikuwa wamekufa kwa ndui, watoto wakiwamo. Hata baada ya hapo maonyesho ya watu yaliendelea. Jambo hili ni aibu, na halifutwi na sifa zake nyingine.

Mwaka 1907 alifungua bustani ya wanyama huko Stellingen, karibu na Hamburg. Simba hawakuwekwa nyuma ya vyuma. Lilichimbwa handaki pana ambalo simba hawezi kuliruka, na watazamaji wakasimama ng'ambo. Bustani nyingi duniani zikaiga.

Hagenbeck alifariki mwaka 1913. Bustani yake ingali ipo, mikononi mwa ukoo wake.