Duchenne: Tabibu aliyegeuza umeme kuwa kituliza maumivu

KABLA ya kuwapo kwa mashine ndogo za betri ambazo leo hubandikwa kiunoni mwa mgonjwa wa mgongo, alikuwapo tabibu mmoja Mfaransa aliyezunguka wodi za hospitali za Paris akiwa amebeba sanduku la umeme. Hakuwa mwajiriwa wa hospitali hizo wala hakuwa profesa. Baadhi ya madaktari wenzake walimcheka, lakini wagonjwa walioshindikana kwingine walimsubiri.

Tabibu huyo ni Guillaume Duchenne, aliyezaliwa Septemba 17, 1806, katika mji wa bandari wa Boulogne, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa nahodha, na ukoo mzima ulikuwa wa watu wa bahari. Kijana huyo hakuifuata njia ya wazee wake. Alikwenda Paris kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1831, kisha akarudi nyumbani kutibu watu wa mji wake.

Huko msiba ulimngoja. Mkewe alifariki kwa homa ya uzazi muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Kwa kuwa Duchenne alimzalisha mwenyewe bila ya daktari mwingine kuwapo, mama mkwe alimtupia lawama, na uvumi ukaenea mjini kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo hicho. Mtoto alilelewa na upande wa mama, baba na mwana wakatengana kwa miaka mingi.

Ni katika kipindi hicho cha upweke, miaka ya 1830, alipoanza kushughulika na umeme. Mwaka 1825 daktari mwingine wa Ufaransa, Sarlandière, alikuwa ameeleza namna ya kuchoma sindano mwilini na kupitisha umeme ndani yake ili kupunguza maumivu. Duchenne aliijaribu njia hiyo, akagundua kuwa misuli iliyo karibu na sindano hujikunja kila umeme unapopita.

Wazo la umeme kutuliza maumivu halikuwa geni. Katika karne ya kwanza, tabibu wa Dola ya Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kuwa wagonjwa wa kichwa na wa jongo watibiwe kwa kugusishwa samaki aina ya taa anayetoa umeme mwilini. Kilichokosekana ni kipimo. Hakuna aliyejua umeme kiasi gani ulitosha, wala upelekwe mahali gani.

Duchenne alirudi Paris mwaka 1842 akiwa na dhamira ya kulijibu swali hilo. Aliacha sindano, ambazo zilijeruhi ngozi, akatumia vishikizo vya chuma vilivyofunikwa kwa kitambaa au sifongo yenye maji. Badala ya umeme wa betri pekee, alitumia mkondo unaotokana na ugunduzi wa Mwingereza Michael Faraday wa mwaka 1831, ambao hupanda na kushuka kwa haraka. Kwa njia hiyo aliweza kuufikia msuli mmoja au neva moja bila ya kupasua ngozi.

Pale alipotaka kutuliza maumivu, kama yale ya neva za uso au yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, aliisisimua ngozi yenyewe kwa umeme. Matokeo ya kazi hiyo aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1855 kuhusu kuelekeza umeme mahali maalumu mwilini.

Mwaka 1862 alichapisha kitabu kingine, chenye picha za nyuso zilizosisimuliwa kwa umeme. Mtu anayeonekana zaidi katika picha hizo ni mzee asiye na meno, ambaye uso wake ulikuwa umepoteza hisia. Kwa sababu hiyo aliweza kuvumilia majaribio ambayo mwingine yangemtesa. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama.

Mwaka 1868 Duchenne alieleza kwa kina ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaowapata zaidi watoto wa kiume, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva katika hospitali ya Salpêtrière, alimheshimu kama mwalimu wake, ingawa Duchenne hakuwahi kupewa kiti cha uprofesa.

Mwanawe Émile naye akawa daktari, na hatimaye wawili hao wakapatana na kufanya kazi pamoja. Furaha hiyo ilikuwa fupi. Émile alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1871. Baba alimfuata Septemba 15, 1875, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 69.

Duchenne aliona nafuu kwa wagonjwa wake, lakini sababu yake ilichelewa kueleweka. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba uti wa mgongo una kitu mfano wa lango. Neva nene zinazobeba hisia za mguso zikisisimuliwa, lango hilo hubana taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye Wall na daktari wa upasuaji William Sweet waliijaribu kwa umeme kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na katika miaka ya 1970 mashine za kubebeka zikaanza kuenea.

Wataalamu bado wanajadili ukubwa wa nafuu inayopatikana, na mashine hizo haziondoi chanzo cha ugonjwa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kuzitumia bila ya idhini ya daktari. Hata hivyo, utaratibu wa kubandika vishikizo juu ya ngozi, kuchagua mahali na kupima nguvu ya mkondo, ni ule ule uliotafutwa na mwana wa nahodha kutoka Boulogne.