Mtakatifu Inyasi, Mwanafunzi Ugenini

Kila mwaka baadhi ya jamaa zetu huuza mifugo, hukopa na kujinyima, ili mtoto wao apate kusoma katika chuo kikuu cha ng'ambo. Siku ya kuagana wazazi huuliza habari za karo, nauli na nguo za baridi. Ni wachache wanaouliza mtoto atakaa na nani. Kwa hiyo twapenda leo kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mwanafunzi mmoja wa zamani, Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, huko Hispania, katika ukoo wa heshima. Alipenda silaha na sifa, hata mwaka 1521 risasi ya mzinga ilipomvunja mguu katika ngome ya Pamplona. Kitandani alisoma maisha ya Yesu na ya Watakatifu, akaongoka. Alitamani kuokoa roho za watu, lakini aliona kwamba kazi hiyo yataka elimu. Basi, akiwa mtu mzima wa miaka 33 hivi, aliketi pamoja na watoto mjini Barcelona kujifunza Kilatini. Kila alipoanza kukariri somo, mawazo matamu ya dini yalimjia yakamsahaulisha. Aliyapima, akatambua kuwa ni kishawishi. Akamwahidi mwalimu wake kutokosa somo miaka miwili. Wanafunzi na wakumbuke kwamba saa ya kusoma, kusoma ndiko kumtumikia Mungu.

Februari 1528 alifika Paris, peke yake, kwa miguu. Fedha alizokuwa nazo, sarafu 25 za dhahabu, alimpa Mhispania mwenzake wa nyumba moja amwekee. Yule akazitumia zote, asiweze kuzirudisha. Ikambidi Inyasi kuhamia nyumba ya kupokea maskini na kuomba chakula mitaani. Nyumba hiyo ilikuwa mbali na shule, na mlango wake ulichelewa kufunguliwa asubuhi, ukawahi kufungwa jioni. Hivyo alikosa sehemu ya masomo. Baadaye alitumia likizo kwenda Flanders, na safari moja hata London, kuomba msaada wa kumtosha mwaka mzima.

Ikawa yule aliyekula fedha zake akaugua katika mji wa Rouen, akingoja merikebu ya kurudi kwao, naye akamwandikia Inyasi. Inyasi hakukumbusha deni. Alikwenda kwa miguu, bila viatu, bila kula wala kunywa, akafika siku ya tatu. Akamfariji, akamsaidia kupata merikebu, akampa na barua kwa rafiki zake wa Hispania.

Mwaka 1529 alihamia Sainte-Barbe, akakaa chumba kimoja na vijana wawili: Petro Favre, mwana wa wakulima wa Savoy, na Fransisko Ksaveri, mtoto wa ukoo bora wa Navarra. Ndugu za Ksaveri walikuwa wamepigana upande wa adui katika vita vile vile vilivyomlemaza Inyasi. Walakini chumba kikawapatanisha. Favre alimsaidia Inyasi katika falsafa, naye Inyasi akamtuliza Favre dhamiri iliyomhangaisha. Ksaveri, aliyetamani vyeo, alikawia sana kabla ya kukubali.

Tarehe 15 Agosti 1534, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa Mbinguni, hao watatu na wenzao wanne waliweka nadhiri huko Montmartre. Mwaka 1540 Baba Mtakatifu Paulo III alithibitisha Shirika la Yesu. Mwaka 1542 Ksaveri, akienda India, alitua Malindi, katika pwani ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1551 Inyasi, aliyepata kuombaomba ili asome, alifungua Roma shule isiyodai karo. Alifariki 31 Julai 1556. Mwaka 1622 yeye na Ksaveri walitangazwa Watakatifu siku moja.

Enyi wazazi, mpeni mtoto nauli na nguo za baridi, maana ni haki yake. Lakini mfundisheni pia kuwa mwenzi mwema wa chumba: kusoma kwa saa yake, kumsaidia mgeni mwenzake, na kumwendea mgonjwa hata kama ana deni lake. Na kila jioni, katika sala ya nyumbani, mtajeni kwa jina, na yule anayekaa naye pia.