Wakili Aliyegeuka Mjenzi: Maisha ya Abraham Levitt



Katika mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Sita aliniuliza kama mtu aliyesomea sheria, kisha akaiacha mahakama, huwa amepoteza miaka yake bure. Swali lilinigusa, maana mimi mwenyewe nilihitimu sheria Chuo Kikuu, nikaajiriwa Serikalini katika kazi za ardhi, na joho sikulivaa tena. Siku ile nilimjibu harakaharaka. Leo namjibu kwa maisha ya Abraham Levitt wa Marekani.

Bwana huyu alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1880, mtoto wa wahamiaji Wayahudi maskini. Aliacha shule angali mtoto akafanya vibarua, lakini vitabu hakuviacha. Kwa kujisomea alifaulu kuingia chuo cha sheria, akawa wakili wa mambo ya ardhi na majumba kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1929, akikaribia umri wa miaka 50, alianzisha kampuni ya ujenzi pamoja na wanawe wawili. William alishika biashara, Alfred akachora ramani, na mzee akajichagulia bustani. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari walirudi kwao wakakosa nyumba. Basi kati ya 1947 na 1951, katika mashamba ya viazi ya Long Island, kampuni hiyo ilijenga nyumba 17,447, ukawa mji wa Levittown. Kila kundi la mafundi lilikuwa na kazi yake moja, likihama kiwanja hadi kiwanja, hata ikafikia nyumba kama 30 kukamilika kwa siku moja. Mzee naye alihimiza kila ua upandwe miti ya matunda.

Lakini mkataba wa nyumba zile ulikuwa na kifungu kilichokataza mtu asiye Mzungu kuishi humo, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Askari mweusi aliyepigana vita ile ile alinyimwa nyumba. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitekeleze masharti ya namna hiyo. Kampuni ilikuja kukiondoa kifungu, lakini watu weusi iliendelea kuwakataa. Levitt alifariki mwaka 1962. Sheria ya kukomesha ubaguzi katika nyumba ilipitishwa 1968.

Jambo hili hunisumbua. Mtu aliyesoma mikataba nusu ya maisha yake hawezi kusema hakujua maana ya kifungu kile. Nami siwezi kumcheka, kwa kuwa masharti ya viwanja hupita mezani kwangu kila wiki, na nimepata kutia sahihi pasipo kujiuliza ni nani anayeachwa nje. Tangu nisome habari za mzee huyu, huanza kwa swali hilo.

Kwa hiyo, kijana wangu, miaka ya sheria haipotei. Ukiwa mjenzi, dalali au karani wa ardhi, elimu ile utakuwa nayo. Angalia tu unaandika nini kwenye mkataba.

Nawatakia masomo mema.